Mota Tatu na Kiapo cha Ngazi

Kwa msomaji aliyelipata gazeti hili leo kwa kufungiwa misumari dukani, nitaeleza kwa ufupi hadithi yangu ilipofikia.

Mimi ni msafishaji wa mifereji ya paa. Kwa miaka ishirini na sita nimepanda juu ya nyumba za watu nikichota majani yaliyooza, ili mvua ikinyesha maji yapite kwenye bomba lake na siyo kwenye dari. Mtaani wananiita Mhandisi. Wapo wanaolisema jina hilo huku wakicheka, lakini cheti cha umeme cha masomo ya jioni ninacho. Kimetundikwa sebuleni kwenye fremu yenye kioo, na nilikipata nikiwa tayari nina wajukuu wawili.

Miezi minne iliyopita nilianguka kutoka kwenye ngazi, nikavunjika nyonga. Nililala miezi miwili na nusu. Nilipoinuka nilikuta wateja wangu wote bado wapo, hakuna hata mmoja aliyenikimbia. Nikasema moyoni, jina zuri linajilinda lenyewe.

Wiki iliyopita niliishia pale mke wangu aliponikalisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule kama mshtakiwa. Binti yetu alikuwepo, na mumewe pia. Huyo mkwe wangu ni kinyozi.

"Mguu wako ukikanyaga ngazi tena," mke wangu alisema, "hata kidato kimoja, kazi yako inakwenda kwa mkwe wako. Wewe utakaa barazani uhesabu magari."

Kinyozi asafishe mifereji! Mtu ambaye kitu kirefu kuliko vyote alichowahi kukifikia kazini ni kichwa cha mteja aliyesimama!

"Nitafanya kazi yangu nikiwa chini," nikawaambia. "Zipo mashine za kufyonza uchafu. Bomba linapanda, mtu anabaki ardhini."

"Utaifanya kazi ya zahanati Ijumaa ijayo?" mke wangu akauliza.

"Nitaifanya."

"Bila ngazi?"

"Bila ngazi."

"Apa."

Nikaapa, mbele ya kinyozi. Ikakubaliwa kwamba Ijumaa saa nane mchana mke wangu na mkwe wangu watakuja zahanati kushuhudia. Nikishinda, nabaki na kazi yangu. Nikigusa ngazi, basi.

Sasa tuendelee.

*

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Bwana Vyuma, anayeuza mashine zilizokwisha kutumika na watu wengine. Niliibeba ngazi yangu begani, maana makubaliano yetu yalikuwa kubadilishana.

Alikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, safi, ya mota moja, na mabomba yake yalifika dirishani tu. Ya pili ilikuwa pipa la bati lililobonyea ubavu, lina mota tatu kichwani, mabomba sita marefu mepesi, na kamera ndogo ya kufunga kwenye ncha ya bomba. Kamera hiyo ilituma picha na sauti kwenye skrini ya ukubwa wa kiganja, ili mtu aliye chini aone yaliyomo kwenye mfereji.

"Mzee, chukua hii ndogo," Bwana Vyuma akasema. "Nyumba ya kawaida mota moja inatosha."

"Mimi si mtu wa kawaida."

"Hilo naliona. Lakini hiyo kubwa ina matatizo."

"Matatizo gani?"

"Aliyeileta hakunieleza. Aliishusha, akaomba nisimtaje kwa mtu, akaondoka kama aliyeiba."

"Aliiba?"

"Hapana, risiti anayo. Ni aibu tu alikuwa nayo."

Nikatoa daftari langu. Nilikuwa nimekaa jioni tatu nikisoma juu ya ufyonzaji, na niliona ni haki Bwana Vyuma naye afaidike. Nikamweleza kwamba kila mita ya bomba inakula nguvu, kwamba majani makavu yanataka wingi wa hewa, na tope zito linataka nguvu ya kuvuta, na kwamba mpira unaounganisha bomba na pipa ukiwa mwembamba sana unaziba, ukiwa mpana sana tope linalala njiani.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado ukurasa mmoja."

"Chukua kubwa, mzee. Nakuomba. Chukua."

Nikaiacha ngazi yangu imeegemea ukuta wake. Sikugeuka kuitazama. Kidogo niligeuka.

*

Siku tatu nililala na kuamka na ile mashine uani.

Nilipofungua kichwa chake nikakuta mota ya kwanza ni nzima. Ya kati kaboni zake, vile vijiti vinavyogusa moyo wa mota na kuupa umeme, zilikuwa zimelika hadi zimebaki kama chaki ya mwisho wa muhula. Ya tatu ilikuwa imejaa vumbi la majani hata haizunguki. Mpira wa kuziba kati ya pipa na kifuniko ulikuwa umepasuka, na pipa linalovuja hewa halivuti hata unyoya.

Nikabadilisha kaboni. Nikasafisha mota ya tatu kwa mswaki, na kwa bahati mbaya ulikuwa mswaki wa mke wangu. Mpira wa kuziba nikaukata kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, nikaugandisha kwa gundi, nikaweka mawe juu yake usiku kucha ushike.

Alhamisi nikaiwasha. Mngurumo wake uliwatoa majirani nje. Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, ukakinywa kiganja hadi nikashindwa kukitoa.

"Mke wangu!" nikaita. "Njoo uone nguvu ya elimu!"

Akaja mbio. Nikainua bomba kumsalimia nalo. Kitambaa chake cha kichwa kikaruka, kikaingia bombani, kikapita kwenye mpira hadi kwenye pipa, tukakisikia kikizunguka humo ndani.

Akaenda ndani, akarudi na kitambaa kingine, akasimama mbali.

Mkwe wangu akatokea jioni hiyo, ananukia poda ya ndevu kama kawaida yake. Akaizunguka mashine mara mbili, mikono nyuma.

"Baba, ile mota ya kati, kaboni umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

"Na klipu ya kiungo cha tatu cha mabomba? Inashika?"

"Kinyozi," nikamwambia, "kiungo cha tatu wewe unakijulia wapi?"

Akababaika. Akamtazama mke wangu. Mke wangu akayatazama mawingu.

"Nimeuliza tu, Baba. Mabomba yana viungo. Na cha tatu lazima kipo."

Nikamcheka. Nikamwambia arudi kwenye viwembe vyake. Wasomaji wangu, mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza jambo. Mimi nilikuwa na cheti, sikujiuliza.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa zahanati.

Ni jengo la ghorofa moja, bati lake la bluu, na mifereji yake haijaguswa tangu mvua za mwaka jana. Maji yalikuwa yakimwagika mbele ya mlango wa wodi ya wazazi, na akina mama walipita hapo na vichanga wakiruka dimbwi.

Matroni alinipokea. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuwaamsha waliolala chumba cha tatu.

"Wewe ndiye Mhandisi?"

"Ndimi."

"Niliambiwa umevunjika."

"Nimeungwa."

Nikachomeka plagi, nikawasha mota zote tatu kwa mpigo. Jengo zima likazima.

"Friji ya chanjo!" Matroni akapiga kelele kutoka ndani. "Nani amezima friji ya chanjo?"

Mlinzi wa geti akanyoosha kidole kunielekea kabla Matroni hajamaliza kuuliza. Nikakimbia kwenye swichi kubwa, nikairudisha, nikamweleza Matroni kwa heshima kwamba mota tatu kwenye soketi moja ni mzigo mkubwa, na kwamba kuanzia sasa nitatumia mbili.

"Tumia nusu ukitaka," akasema. "Friji ikizima tena, wewe ndiye nitakayekuweka ndani yake."

Nikaunga mabomba sita, nikafunga kamera kwenye ncha, nikayainua hadi mdomo ukashika mfereji. Kisha nikaiwasha skrini. Ilikuwa na vitufe vinne. Kimoja kilikuwa na alama ya pembetatu, nami kwa akili yangu nikajua pembetatu ni alama ya kuanza. Nikabonyeza.

Picha ikatokea, safi kabisa. Majani machache, kisha mdomo wa bomba ukipita unayafagia, kisha mfereji mtupu, unang'aa. Nikatembea polepole kando ya ukuta nikisogeza bomba, macho kwenye skrini. Mfereji ulizidi kung'aa. Sijawahi kuona kazi nyepesi hivyo.

Baada ya dakika kumi nikamwita Matroni.

"Upande wa mbele umekwisha," nikamwambia. "Tazama mwenyewe. Unaweza kulia chakula humo."

Akaichukua skrini. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Akatazama juu, akatazama tena skrini.

"Mhandisi."

"Naam."

"Paa langu ni la rangi gani?"

"Bluu."

"Na hili hapa?"

Nikatazama. Paa la kwenye skrini lilikuwa la vigae vyekundu.

"Huenda ni jua," nikasema.

"Na huyu paka?"

Kweli, juu ya vigae vyekundu alikaa paka wa kijivu akijilamba. Juu ya bati la bluu hapakuwa na paka. Mlinzi wa geti alikuwa amesogea kusikiliza, akaanza kucheka kwa mabega.

Nikavaa miwani yangu, nikasoma maandishi madogo kando ya kitufe. Ile pembetatu ilikuwa ya kucheza picha zilizorekodiwa zamani. Nilikuwa natazama kazi ya mtu mwingine, kwenye nyumba ya mtu mwingine, siku nyingine kabisa. Dakika kumi nzima bomba langu lilikuwa linakwaruza upande wa nje wa mfereji, linafyonza hewa ya Mungu.

"Ni hatua ya majaribio," nikamwambia Matroni. "Lazima mtu aone kwanza kazi nzuri inavyoonekana."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Basi na mimi nionyeshe."

Akaingia ndani. Nami kabla ya kubadilisha kitufe nikataka kuona ile rekodi inaishia wapi. Nikaisogeza hadi karibu na mwisho. Bomba lilikuwa linashushwa, kamera inashuka nalo, ukuta unapita, dirisha linapita, kisha uso wa mtu ukajaza skrini yote. Alikuwa na jani limeganda kwenye paji la uso, na jasho linamtoka.

Alikuwa mkwe wangu.

Nikaisimamisha picha palepale. Nikakaa juu ya pipa.

Kwa hiyo ndiye! Mimi niko kitandani na nyonga yangu, yeye amenunua mashine, anazunguka mtaani kufanya kazi yangu. Kisha akaiharibu, akaitupa kwa Bwana Vyuma kwa siri, nami nikatoa ngazi yangu kwa ajili ya takataka yake. Na siku ya kikao alikaa kwenye kochi langu, mpole kama mgeni, akisubiri kurithishwa.

Wasomaji, sikukasirika. Nilifurahi. Saa nane angekuja hapa, na mke wangu pembeni, nami ningeitoa skrini mbele yao wote na kusema: tazameni kinyozi wenu. Nikaitia kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, nikaufunga kifungo. Kwa kazi iliyobaki ningetumia sikio: bomba likifyonza tope linakoroma, likifyonza hewa linapiga mluzi.

*

Furaha inatia nguvu. Hadi saa tano kasorobo upande wa nyuma ulikuwa umekwisha, na sasa ulikwisha kweli. Pipa nililimwaga mara nne: majani, tope jeusi, kiota kitupu, kandambili moja ya mtoto. Mlinzi alikuwa ameacha kucheka na kuanza kuuliza maswali ya maana. Nikahamia upande wa mbele.

Nilikuwa juu ya mlango wa wodi ya wazazi mdomo wa bomba uliponasa kwenye kishikizo cha mfereji. Nikavuta. Ukagoma. Nikavuta kwa hasira kidogo.

Kiungo cha tatu kikaachia.

Nikazima mota, nikabaki na mabomba matatu mkononi. Mengine matatu, pamoja na kamera, yalibaki yananing'inia juu kwa ule mdomo ulionasa, yanapepea na upepo kama mkia. Chini yake, mlango ukafunguka, akatoka mama mwenye kichanga cha siku mbili.

"Pita huku, dada! Pita huku!" nikapiga kelele.

Matroni akatoka, akatazama juu.

"Kitu kile kinashuka sasa hivi," akasema, "kabla hakijamshukia mtoto wa mtu."

"Nitakishusha kwa hesabu."

"Kishushe kwa ngazi. Ipo stoo."

"Ngazi... daktari wangu amenikataza."

"Basi apande mlinzi."

Mlinzi akarudi nyuma hatua tatu. "Mimi niliajiriwa kulinda vilivyo chini, Matroni. Vilivyo juu vina wenyewe."

Upepo ukavuma. Mabomba yakagonga ukuta, ko, ko, ko. Mama mwingine alikuwa amesimama ndani ya mlango na mtoto wake, anaogopa kutoka. Nikajaribu kuyasukuma kutoka chini kwa mabomba yaliyobaki. Yakazidi kuyumba. Nikajaribu kwa ufagio uliofungwa kwenye ufagio. Hayakufikika.

Nikatazama saa. Saa tano na robo. Mke wangu na mkwe wangu watafika saa nane. Nikatazama geti. Kimya.

"Lete ngazi," nikamwambia mlinzi. "Na ulichokiona leo hukukiona."

"Nimeona nini?"

"Vizuri sana."

Naungama sasa mbele yenu, maana nyumbani bado sijaungama vizuri. Nilipoweka mguu kwenye kidato cha kwanza niliogopa. Cha pili nyonga ikalia. Lakini kufika cha tano nilisahau kiapo, nilisahau mke, nilisahau kinyozi. Hewa ya juu ina baridi yake. Miezi minne nilikuwa naonana na watu uso kwa uso tu; sasa nikaviona vichwa vyao tena, na sehemu za katikati ambako nywele zimekwisha. Nilijisikia niko nyumbani.

Kwenye kidato cha tisa nikanyoosha mkono kuyafikia mabomba. Kifua kikalala kwenye ngazi, na mfuko wangu wa shati ukabanwa.

Kisha mke wangu akazungumza.

"Shikilia vizuri, mwanangu! Kiungo cha tatu kinaachia tena!"

Nusura nidondoke. Nikaikumbatia ngazi kwa mikono miwili. Nikatazama chini: mlinzi peke yake, mdomo wazi. Sauti ilikuwa inatoka kifuani kwangu. Nilikuwa nimekibonyeza kitufe, na rekodi ilikuwa inaendelea kutoka pale nilipoisimamisha.

"Mama, mikono imekufa ganzi," akajibu mkwe wangu kutoka mfukoni. "Mimi ni mtu wa mkasi."

"Zimebaki nyumba mbili tu. Tukiziacha watatafuta mtu mwingine, na mzee akiinuka kitandani atakuta hana mteja hata mmoja. Unadhani ataishi?"

"Na akijua?"

"Hatajua. Wateja wote nimewaapisha. Akipona, wewe ipeleke hii mashine ikauzwe, tunyamaze."

"Akipona atapanda tena ngazi, Mama. Unamjua."

Nikasikia majani yakikoroma kwenye mpira, mbali.

"Hilo ndilo linaninyima usingizi," mke wangu akasema. "Nitamwambia akipanda tena, kazi inakuja kwako. Kwa wivu alionao, atakaa chini."

"Usinitie humo, Mama! Kazi hii siitaki hata kwa dawa!"

"Najua huitaki. Yeye ndiye asiyejua."

Wakacheka wote wawili. Kicheko chake kile, anachokifunika kwa mkono, nilikuwa sijakisikia tangu nianguke.

Nilibaki juu pale na paji la uso kwenye chuma. Wiki tatu nimewaandikia humu gazetini juu ya kinyozi mwenye tamaa, na baadhi yenu mmeniandikia barua za kunionea huruma. Kumbe uaminifu wa wateja wangu ulikuwa kazi ya mke wangu, mkwe wangu, na pipa lililobonyea ubavu. Nilitaka kushuka, niende nikawatafute kabla ya saa nane, niwaambie jambo; sikujua jambo gani, lakini nilitaka kulisema nikiwa nimesimama ardhini.

Nikayanasua mabomba. Nikayashusha polepole, mlinzi akayapokea. Mama aliyekuwa mlangoni akatoka na mtoto wake, salama. Nikahamisha mguu kuanza kushuka.

"Mzee."

Bado rekodi inazungumza. Nikafungua kifungo cha mfuko, nikaitoa skrini, nikabonyeza kitufe cha kuzima. Ikazima. Niliitazama kwa macho yangu mawili, nyeusi tii.

"Mzee," sauti ya mke wangu ikaita tena, taratibu, kutoka chini ya ngazi, "hicho ni kidato cha ngapi?"